Kupanda Batu Caves: nenda mapema, mikono mitupu

Mgeni akinitembelea Kuala Lumpur, asubuhi yake ya kwanza nampeleka Batu Caves, hekalu la Kihindu ndani ya mapango ya mawe ya chokaa, kilomita 13 hivi kaskazini mwa jiji. Tunakwenda hivi.

1. Panda treni ya KTM Komuter pale KL Sentral, stesheni kuu ya jiji, ushuke Batu Caves. Lenga kufika saa mbili asubuhi. Ikifika saa tano, ngazi zile ni kikaango.

2. Funika magoti na mabega, mwanamume hali kadhalika. Asiyejisitiri hukodishiwa kitambaa cha kujifunga. Mwenye kanga mkobani amemaliza kazi.

3. Kabla ya kupanda, ficha kila kinacholiwa au kung'aa. Kima wa pale hawaombi. Mgeni wangu mmoja alipanda na mfuko wa ndizi, akafika juu ameshika vishikio tu. Chupa ya maji iingie begini, miwani pia, na zipu uifunge. Kima akikunyang'anya kitu, mwachie. Meno yake yatakugharimu zaidi ya ndizi.

4. Ngazi zina vipandio 272, vilivyopakwa rangi za upinde wa mvua mwaka 2018. Ni vyembamba, kwa hiyo kanyaga kwa mshazari. Kulia kwako imesimama sanamu ya Murugan, mungu wa Kihindu, ya rangi ya dhahabu, mita 42.7, mkuki mkononi. Kupumzika si aibu.

5. Pango kuu halina kiingilio. Aliyezoea Amboni ya Tanga, ya kuinama na tochi, atashangaa: hapa dari liko kama mita 100 juu, na kwa nyuma paa limetoboka, mwanga unamwagika. K. Thamboosamy Pillai, mfanyabiashara Mtamili, ndiye aliyeanzisha hekalu hili mwaka 1890. Ukitaka kukaribia madhabahu, vua viatu. Ibada ikiendelea, simama pembeni na usimpige kuhani picha usoni. Akitaka kukupaka majivu kwenye paji nawe hutaki, kunja viganja kifuani, tabasamu, rudi nyuma.

6. Thaipusam, sikukuu ya Murugan ya Januari au Februari, ni habari nyingine: umati mkubwa, waumini wamebeba kavadi, yaani mizigo ya nadhiri, wengine wamejichoma vyuma mashavuni. Kwa safari ya kwanza, mimi ningeikwepa.

Ukishuka, kuna madafu. Lako linywe palepale kibandani, maana kima wanayajua pia.