Kuhamisha kalenda ya Outlook kutoka kompyuta ya zamani kwenda mpya

Wateja wangu wengi hapa Moshi ni mawakili. Wakili akinunua kompyuta mpya, kitu cha kwanza anachoulizia ni kalenda yake ya Outlook, programu ya Microsoft ya barua pepe na kalenda. Barua pepe ikipotea atamwomba mwenzake aitume tena, lakini tarehe ya kesi kutajwa ikipotea atakayeumia ni mteja wake.

Kabla ya kuhamisha chochote, tazama saa za eneo kwenye mashine zote mbili. Hapa kwetu inatakiwa iwe "(UTC+03:00) Nairobi". Kompyuta nyingi ninazoletewa bado zina saa za pwani ya magharibi ya Marekani, kisha mtu amevuta mishale kwa mkono ili saa ionekane sawa. Ukihamisha kalenda hivyohivyo, shauri la saa tatu asubuhi litaibukia saa moja au saa mbili usiku. Sikukuu nazo zitachukua siku mbili, maana Outlook huhifadhi tukio la siku nzima kama saa 24 kuanzia usiku wa manane.

Kama mashine zote ziko sawa, kazi ni nyepesi. Kwenye Outlook 2007 na za kabla yake fungua menyu ya File, halafu "Import and Export". Kuanzia 2013 (Outlook ya kawaida, "classic"), pita "Open & Export". Chagua kutoa faili la aina ya .pst (faili la Outlook la kuhifadhia data), weka alama kwenye Calendar pekee, na sehemu ya nywila iache wazi. Usibebe sanduku zima la barua: flashi iliyofomatiwa FAT32 (mfumo wa zamani wa kupanga mafaili) haipokei faili linalofika GB 4, ilhali kalenda peke yake ni ndogo sana. Kwenye mashine mpya ingiza faili hilo kwa njia ileile, ukichagua "Do not import duplicates". Ukiruhusu nakala hapo na kurudia zoezi, kila miadi itajitokeza mara mbili, na kuzifuta moja moja ni adhabu.

Kama ya zamani ina saa za Marekani, usiirekebishe kwanza. Ukifanya hivyo miadi yote itasogea. Toa faili la CSV (maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa koma) badala ya .pst. CSV haibebi saa za eneo, inanakili saa kama inavyosomeka kwenye skrini, na hapo ndipo inapofaa. Siku nyingine siipendi, kwa sababu kikao cha kila Jumatatu hukivunja kuwa miadi mojamoja, tena ndani ya tarehe ulizoitajia tu. Kwa hiyo vikao vya kujirudia viandike upya kwa mkono.

Anayehamia Thunderbird, programu nyingine ya barua pepe na kalenda, atumie .ics (faili la kalenda linalosomwa na programu nyingi): kwenye Outlook fungua kalenda, nenda "Save Calendar", kisha kwenye "More Options" chagua kalenda nzima na maelezo kamili. Usipogusa hapo unaweza kupata kipande tu.

Kuhakiki, geuza mwonekano wa kalenda uwe orodha na usome idadi ya vitu chini kushoto, huku na kule. Kwa .pst zinatakiwa zilingane; kwa CSV huenda zisilingane, kwa hiyo linganisha wiki kwa wiki. Halafu mwite karani wa ofisi, aje na shajara yake ya karatasi mkaipitie pamoja miezi miwili ijayo. Mpaka amalize, mashine ya zamani isifutwe.