Kupima kemia ya nyota kongwe: anza na HD 122563

Achana kwanza na nyota hafifu zinazovuma kwenye habari. HD 122563, nyota jitu katika kundi la nyota la Boötes, ina mng'ao wa daraja la 6.2 na imeshapimwa na wengi. Chuma chake kinajulikana kuwa takriban 1/500 ya kile cha Jua, kwa hiyo jibu lako likienda kombo utalibaini.

Hatua ya 1: Pakua spektra yake (mwanga uliotandazwa kwa rangi, wenye mistari ya giza pale elementi zilipoumeza) kutoka hazina ya data ya ESO, shirika la Ulaya la uangalizi wa anga. Za UVES, chombo cha darubini ya VLT huko Paranal, Chile, zinafaa sana.

Hatua ya 2: Ondoa athari ya mwendo. Nyota hii inatujia kwa kilomita 26 hivi kwa sekunde, kiasi cha kusogeza mstari wa nanomita 500 kwa nanomita 0.04. Usipourekebisha, utapima mstari wa jirani.

Hatua ya 3: Sawazisha mwanga usiomezwa uwe 1. Usiharakishe hapa. Upande mwekundu mistari ni michache, kazi ni nyepesi. Upande wa buluu, karibu na nanomita 393, mabawa (kingo pana) ya mstari wa kalsiamu hutanda na kukudanganya.

Hatua ya 4: Pima eneo la kila mstari wa chuma, kisha ingiza vipimo kwenye MOOG, programu ya kukokotoa wingi wa elementi, pamoja na modeli ya angahewa ya nyota ya MARCS. Anza na halijoto ya kelvini 4,600. Wengi hurekebisha mvuto wa uso wa nyota hadi wingi wa chuma unaotokana na mistari ya chuma kisicho na chaji na ule wa chenye chaji vikubaliane. Mimi siipendi njia hiyo kwa nyota kama hizi: mionzi ya urujuanimno hung'oa elektroni za chuma kisicho na chaji kuliko hesabu ya kawaida inavyodhani, na mvuto unatoka mdogo mno. Chukua mvuto kutokana na umbali uliopimwa na chombo cha angani cha Gaia, halijoto kutokana na rangi, na amini zaidi chuma chenye chaji.

Hatua ya 5: Bariamu (nanomita 455.4) na europiamu (412.9) zichorewe spektra ya kubuni (iliyokokotolewa na programu), uilinganishe na halisi. Sodiamu ya 589 ichunguze mara mbili, maana gesi iliyo kati ya nyota nayo huacha alama pale pale.

Mstari usipoonekana, usiandike sifuri; andika kikomo cha juu. Nyota SMSS J0313-6708, iliyotangazwa mwaka 2014, haikuonyesha hata mstari mmoja wa chuma, na watafiti wakaandika kwamba chuma chake hakifiki sehemu moja kwa milioni kumi ya kile cha Jua.

Mwisho, ongeza kelvini 100 kwenye halijoto, rudia hesabu yote, na uweke tofauti hiyo kando ya kila namba kwenye jedwali lako.