Kioo cha gari kimepasuka chenyewe likiwa limeegeshwa: usianze na ufagio

Gari limepaki, hakuna aliyeligusa, mara unasikia mlio mkubwa na kioo cha mlango kimegeuka punje kwenye kiti. Mlinzi anaapa hajaona mtu. Majirani wanaanza kutaja mkono wa mtu, na mwenye gari anakwenda kuchukua ufagio. Ufagio huo ndio unaoharibu kila kitu, kwa sababu vipande vya kioo vina maelezo ya kutosha kabisa, ila ni mpaka pale vitakapozolewa.

Anza kwa kujua ni kioo cha aina gani. Cha mbele ni vioo viwili vyembamba vilivyoshikanishwa na utando wa plastiki katikati. Kikiumia hupata ufa lakini hakimwagiki. Vya milangoni na cha nyuma, kwa magari mengi ya mjini, ni tempa. Kioo cha tempa hupashwa moto hadi zaidi ya nyuzi 600 za Selsiasi, kisha hupulizwa upepo mkali wa ghafla. Uso hupoa na kuganda kwanza, kiini huchelewa. Kikishapoa chote, uso unabaki umegandamizwa na kiini kinabaki kinavutwa, na hali hiyo haikomi maisha yote ya kioo. Ndiyo sababu kinastahimili mlango kubamizwa kila siku, na ndiyo sababu hakipati ufa mmoja: jeraha likipenya uso likafika kwenye kiini, kioo kizima huachia kwa mkupuo. Ufa hukimbia karibu kilomita 1.5 kwa sekunde. Vipande vinaweza kuendelea kutatarika chini kwa dakika kadhaa, kwa sababu vile vikubwa bado vimebeba mkazo.

Jambo la kushika hapa ni kwamba sababu na mlio si lazima vitokee siku moja. Ukingo unaweza kubanduka kidogo fundi anapobadilisha mota ya kioo, gari likatembea miezi, kisha kioo kikamwagika saa tisa mchana gari likiwa limetulia. Watu hutafuta kilichotokea saa tisa. Ni vizuri kukitafuta, lakini pia ukumbuke nani alifungua mlango huo mara ya mwisho.

Kabla hujazoa

Vaa viatu vilivyofunika mguu na glavu. Usifungue mlango wenye kioo kilichopasuka. Kama kuna tinti imekishikilia, ukifungua tu kitaanguka na utapoteza sehemu muhimu kuliko zote. Piga picha za gari zima, kiti, ardhi pande zote mbili, na ukingo wa chini wa dirisha kwa karibu.

Kama tinti imekishikilia kioo, una bahati. Nyufa zote hutawanyika kutoka sehemu moja. Zifuate kurudi nyuma mpaka zinapokutana. Zikikutania ukingoni, karibu na raba au kwenye boliti, tatizo ni ukingo: mkwaruzo, fremu iliyobana, boliti iliyokazwa kupita kiasi. Zikikutania katikati na pakawa pamesagika unga mweupe, kuna kitu kiligonga. Zikikutania katikati pasipo unga, na pale pakawa na vipande viwili vikubwa kuliko vingine vimekaa ubavu kwa ubavu mfano wa mabawa ya kipepeo, huenda ni kasoro ya kiwandani: chembe ya salfaidi ya nikeli iliyonaswa ndani ya kioo. Chembe hiyo hubadilika umbo polepole na kutanuka kwa asilimia 2 hadi 4, na inaweza kungoja miaka. Inajulikana zaidi kwenye vioo vinene vya maghorofa. Kwenye vioo vyembamba vya magari ni nadra, kwa hiyo isiwe jibu lako la kwanza. Vitoe hivyo vipande viwili, vifunge kwenye karatasi, viweke pembeni.

Kama kioo chote kimeshaanguka, tazama kilichobaki ndani ya raba, chini na pembeni. Mabaki hayo ndiyo ukingo wenyewe.

Watu wengi hutegemea kuangalia kama kioo kimeangukia ndani au nje. Kuangalia huko kunasaidia, ila kusikutoshe. Jiwe likitoka nje, vipande vingi huingia ndani, lakini vingine hurukia nyuma kule jiwe lilikotoka, hata zaidi ya mita moja. Kioo kilichojipasukia nacho humwagika pande zote mbili. Cha maana zaidi ni kukuta kitu chenyewe. Kagua chini ya viti, kwenye mikunjo ya kiti na chini ya gari. Kokoto isiyofanana na za pale ulipopaki ni jibu. Vipande vidogo vyeupe vya kauri, vigumu na vyenye kung'aa, ni vya plagi ya injini. Vibaka huvitumia kwa sababu huvunja tempa bila kelele nyingi. Ukivikuta na hakuna kilichoibwa, huenda mwizi alishtuliwa.

Wahusika wa kawaida hapa Dar

Wa kwanza ni mashine ya kufyekea nyasi. Watengenezaji wake huelekeza watu wakae mita 15 mbali, na sababu ni hii hii: kokoto hurushwa kwa kasi kubwa bila mfyekaji kuhisi chochote. Kama kioo kimeondoka gari likiwa kando ya bustani au ukingo wa barabara, tazama kama nyasi zimekatwa siku hiyo. Fuatilia pia embe bichi, nazi, manati ya watoto na kokoto zinazorushwa na matairi ya malori kwenye barabara ya vumbi.

Wa pili ni kutu, na huyu hasahauliki kwa magari yanayolala karibu na bahari, Msasani, Kigamboni, Mbezi Beach. Chumvi ya hewani hula chuma kinachozunguka kioo. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, hivyo huvimba chini ya raba na kuusukuma ukingo wa kioo taratibu. Kioo cha nyuma na vile vidogo vya pembeni visivyoshuka ndivyo huumia zaidi. Bandua raba kidogo. Ukikuta magamba mekundu yamebana kioo, umempata. Kubadilisha kioo bila kusafisha kutu hiyo ni kununua mpasuko wa pili.

Wa tatu ni kazi ya fundi kwenye mlango. Kati ya kioo na chuma cha mashine ya kioo lazima pawe na wosha ya raba au plastiki. Ikipotea, chuma hugusa kioo, na kila mlango unapofungwa jeraha hukua. Kwenye mlango wa buti, shokapu zilizochoka humfanya mtu aubamize kwa nguvu, na kioo cha nyuma ndicho kinachopokea kishindo.

Zile nyaya nyembamba za kuondoa ukungu kwenye kioo cha nyuma nazo zina lao. Mstari uliokatika nusu huweka joto kali sehemu moja. Kama taa ya swichi yake huwaka kila unapoendesha, izime. Dar utaihitaji labda asubuhi chache za masika.

Jua je? Tempa isiyo na jeraha huvumilia tofauti ya joto ya takriban nyuzi 200 kati ya sehemu moja na nyingine, na hata Februari, hewa ya nje ikiwa nyuzi 32, gari lililofungwa halikaribii hapo. Jua halivunji kioo kisicho na jeraha. Linakimalizia kilichokwisha kujeruhiwa, sawa na ndoo ya maji baridi inayomwagwa kwenye kioo cha moto pale mnapooshea gari saa saba mchana. Na hakuna "presha ya hewa ya moto" inayosukuma vioo vipasuke: gari lina matundu ya kutolea hewa nyuma, kwa kawaida nyuma ya bampa. Kufungua vioo kidogo hupunguza joto kidogo tu, hakukingi mpasuko. Kinachoweza kulipuka kwa joto ni kopo la kupuliza au kiberiti cha gesi kilichoachwa kwenye dashibodi. Makopo mengi yameandikwa yasizidi nyuzi 50. Likilipuka utalikuta lenyewe limechanika.

Kusafisha bila kujiumiza

Kama una bima kubwa, piga simu kwa kampuni yako kabla ya kuondoa chochote, soma kipengele cha vioo, na ukachukue RB (namba ya taarifa yako) kituo cha polisi kama kuna dalili ya mtu kuhusika. Bima ndogo hulipa hasara uliyomsababishia mwingine. Kioo chako hakimo.

Zoa vipande vikubwa kwa koleo dogo, kisha tumia mashine ya kufyonza vumbi. Usipanguse kiti kwa kiganja hata ukivaa glavu. Tempa hutoa pia vijisindano vyembamba vinavyopenya. Kiti cha mtoto kitolewe, kivuliwe kitambaa, kifyonzwe kila mkunjo. Punje huingia kwenye matundu ya AC juu ya dashibodi, kwa hiyo mara ya kwanza washa feni ukiwa nje ya gari, milango wazi. Vifunge vioo kwenye mfuko juu ya mfuko na umwambie mzoa taka kilichomo.

Mlango wenyewe ndio huachwa mara nyingi. Kava la ndani lazima litoke, kwa sababu nusu ya kioo imelala chini ndani ya mlango. Ikibaki huko hukwaruza kioo kipya, hugonga kila kona, na huziba matundu ya kutolea maji kwenye ukingo wa chini. Maji yakituama, mlango unaanza kuoza. Pitisha waya laini kwenye kila tundu, mimina kikombe cha maji, uone yanatoka.

Kwa kusubiri fundi, funika dirisha kwa nailoni nzito upande wa nje, uikunjie juu ndani ya fremu na kufunga mlango juu yake. Gundi ya selotepu pana ikipigwa na jua siku mbili huondoka na rangi. Tandika kwanza selotepu ya karatasi ya wapaka rangi.

Kununua na kufunga

Tempa haikatwi wala kutobolewa ikishapashwa moto na kupozwa kiwandani. Ukijaribu inamwagika yote. Kwa hiyo fundi anayekuambia "nitakukatia cha saizi yako" anakupa kioo cha dirisha la nyumba, ambacho kwenye ajali huvunjika vipande virefu vikali kama mapanga. Kikatae, hata kama ni bei ya chai. Nenda na namba ya chasisi na mwaka wa gari Gerezani, eneo la vipuri vya magari hapa Dar, au kwa muuza vioo unayemwamini, na uhakikishe mlango: kulia au kushoto, mbele au nyuma.

Kioo cha mtumba kikague ukingo wote. Pitisha kipande cha pamba taratibu; nyuzi zikinasa, pamebanduka, kiache. Kutambua tempa, vaa miwani ya jua ya polaraizi na ukitazame kwa mshazari kuelekea anga: utaona madoa au mistari iliyopangika. Kioo cha kawaida hakina.

Wakati wa kufunga simama hapo. Kwenye Toyota nyingi kioo hushikwa na boliti mbili za spana namba 10. Zikazwe kwa mkono mwepesi, wosha zikiwa mahali pake. Raba ya reli isafishwe mchanga na kupulizwa silikoni kavu. Oili ya injini na grisi huvimbisha raba na kunasa vumbi. Kipandishwe na kushushwa mara kadhaa kabla kava halijarudi, na kisikwaruze popote.

Kioo kisichoshuka hufungwa kwa gundi ya poliurethani, siyo silikoni ya bafuni. Kutu ikwanguliwe mpaka chuma kinachong'aa, ipakwe praima, ikauke, ndipo gundi. Gundi hiyo hukaushwa na unyevu wa hewani, jambo ambalo Dar tunalo tele, lakini muda wa kuanza kuendesha ni ule ulioandikwa kwenye tyubu. Kwa saa 24 za kwanza acha kioo kimoja cha mlango wazi kidogo ili mlango ukifungwa hewa isisukume kioo kipya, na usipeleke gari kwenye maji ya presha.