Namna ya Kuandaa Mdahalo Kuhusu Mabadiliko ya Sheria za Besiboli ya Kulipwa

Besiboli bado ni mchezo wa wachache hapa Dar es Salaam, lakini wachache hao wanaupenda kwa dhati. Wapo waliojifunza kurusha na kudaka katika uwanja wa Azania uliojengwa kwa msaada wa Japani, wapo walimu wa michezo wanaoufundisha mashuleni, na wapo wanaokesha na simu mkononi kufuatilia Ligi Kuu ya Marekani, kwa kuwa mechi inayoanza saa moja jioni New York wakati wa kiangazi huanza kwetu saa nane usiku. Watu hawa wakikutana, mazungumzo hayakawii kufika kwenye sheria mpya. Mabishano yao yana uhai, ila mara nyingi huishia katika kelele, kwa sababu kila mmoja anajibu swali ambalo mwenzake hakuuliza. Mwongozo huu ni kwa wanafunzi, makocha na mashabiki wanaotaka kuyafanya mabishano hayo kuwa mdahalo wa kweli. Msimamo wangu ni huu: sheria ipimwe kwa tatizo iliyotungwa ili kuliondoa, na anayejadili asipolitaja tatizo hilo bado hajaanza kujadili.

Mada iwe sheria moja

Mada kama "Sheria mpya zimeharibu besiboli" haifai. Tangu mwaka 2020 ligi hiyo imemtaka kila mrushaji awakabili angalau wapigaji watatu au amalize nusu ya awamu, yaani zamu ya timu moja kupiga (awamu ni zamu ya timu zote mbili, na mechi ya kawaida ina awamu tisa). Imeweka mkimbiaji kwenye besi ya pili, yaani kituo cha pili kati ya vinne anavyopaswa kuvipita ili kupata pointi, kila awamu ya nyongeza inapoanza. Imeruhusu, kuanzia 2022, mpigaji maalumu kupiga kwa niaba ya mrushaji katika pande zote mbili za ligi, American League na National League. Na mwaka 2023 ikaleta kwa mpigo saa ya mrushaji (inayomhesabia sekunde za kurusha mpira), masharti ya kuwapanga walinzi, na besi kubwa zaidi. Mtu mwenye akili timamu anaweza kuipenda saa na kumchukia mkimbiaji wa bure. Mada inayomlazimisha aunge mkono au apinge vyote kwa pamoja itamfanya aseme asichokiamini, na wasikilizaji watalitambua hilo mapema.

Chagueni sheria moja, itajeni ligi, kisha semeni ni hatua gani inapendekezwa. "Saa ya mrushaji iondolewe katika mechi za mtoano za Ligi Kuu ya Marekani" ni mada nzuri, kwa kuwa inawapa wapingaji na waungaji mkono mahali hasa pa kugombania. Kila upande unajua ni nini kitakachobadilika iwapo mada itapita.

Someni sheria kama ilivyoandikwa

Hapa ndipo midahalo mingi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Saa ya mrushaji inampa mrushaji sekunde 15 za kuanza kurusha wakati besi zote ziko tupu. Kukiwa na mkimbiaji, mwaka 2023 alipewa sekunde 20, na kuanzia msimu wa 2024 zikapunguzwa kuwa 18. Akichelewa, anaandikiwa boli (boli nne humpa mpigaji besi ya kwanza). Mpigaji naye anatakiwa awe tayari, macho yakimwelekea mrushaji, kabla saa haijashuka chini ya sekunde 8. Akichelewa, anaandikiwa straiki (straiki tatu humtoa). Mpigaji anaruhusiwa kuomba kusimamisha mchezo mara moja tu kila anapokuwa zamu. Mrushaji anaruhusiwa kuacha kurusha na kugeukia besi au kushuka kwenye kilima anachorushia mara mbili. Akigeukia besi mara ya tatu bila kumtoa mkimbiaji, mkimbiaji anasogea besi moja mbele.

Kipengele hicho cha mwisho ndicho wajadili wengi hukisahau, ilhali bila hicho saa isingekuwa na nguvu yoyote: mrushaji angegeukia besi ya kwanza kila sekunde zinapokaribia kwisha, na saa ingeanza upya. Mtu anayeitetea saa bila kukijua kipengele hiki hawezi kueleza kwa nini imefanya kazi, na anayeipinga bila kukijua anapoteza hoja yake nzito kuliko zote, yaani kwamba sheria iliyoitwa ya muda imembadilishia pia mkimbiaji nafasi yake ya kuiba besi, yaani kukimbilia besi inayofuata bila kungoja mpira upigwe.

Mfano wa tarehe 25 Februari 2023 unafaa kusomwa na pande zote mbili. Atlanta Braves na Boston Red Sox walikuwa katika mechi ya maandalizi huko Florida, matokeo 6 kwa 6, nusu ya mwisho ya awamu ya tisa, auti mbili (wachezaji wawili wametolewa, na wa tatu akitoka zamu inaisha), besi zote zimejaa, mpigaji ana boli tatu na straiki mbili. Mpigaji hakuwa tayari kwa wakati, mwamuzi akamwandikia straiki ya tatu, na mechi ikaishia hapo kwa sare bila mpira kurushwa. Mpingaji wa saa ataonyesha kwamba wakati mkali kuliko wote katika mchezo uliamuliwa na tarakimu ukutani. Mtetezi atajibu kwamba hizo zilikuwa siku za kwanza kabisa za sheria mpya, na kwamba makosa ya saa yalipungua msimu ulivyosonga kwa sababu wachezaji walizoea. Majibu yote mawili ni ya haki. Mwalimu awaombe wanafunzi wamalizie wenyewe: je, kuzoea kunaondoa hatari ya jambo hilo kutokea katika mechi ya fainali, au kunaipunguza tu?

Tatizo kwanza, takwimu baadaye

Saa ilitungwa kwa sababu mechi zilikuwa ndefu mno na zenye muda mwingi wa kusimama bure. Mwaka 2021 mechi ya awamu tisa ilichukua wastani wa saa 3 na dakika 10. Mwaka 2023, saa ilipoanza kutumika, wastani ulishuka hadi takriban saa 2 na dakika 40. Kwa shabiki wa Dar es Salaam tofauti hiyo inaonekana dirishani: mechi ya saa nane usiku iliyokuwa ikimfikisha saa kumi na moja alfajiri na zaidi, sasa inamwachia muda wa kufumba macho kabla ya kuwahi daladala. Kwa kuwa mabadiliko mengine ya mwaka huo hayakulenga muda wa mechi, na kwa kuwa saa hiyohiyo ilikuwa imefupisha mechi katika ligi ndogo ilipojaribiwa kabla yake, mtetezi anaweza kudai kwa ujasiri kwamba saa ndiyo iliyofanya kazi hiyo.

Si kila takwimu inabeba mzigo wa namna hiyo. Chukueni wizi wa besi, uliopanda kutoka 2,486 mwaka 2022 hadi 3,503 mwaka 2023. Ni ongezeko kubwa, na wengi hulihusisha na besi zilizopanuliwa kutoka sentimita 38 hadi 46 kila upande, jambo lililofupisha safari ya kutoka besi ya kwanza hadi ya pili kwa takriban sentimita 11. Lakini mwaka huohuo mrushaji alinyimwa uhuru wa kugeukia besi kila atakapo. Anayesimama na kusema kwamba besi kubwa pekee ndizo zilizoleta ongezeko hilo anastahili kuulizwa amezitenganishaje sababu hizo mbili, na hatakuwa na jibu.

Mfano wa masharti ya kuwapanga walinzi ni mgumu zaidi, na kwa maoni yangu ndio unaofaa kuliko yote kumfundishia mjadili chipukizi. Timu zilikuwa zikiwasogeza walinzi wa ndani watatu upande mmoja wa besi ya pili, hasa kwa wapigaji wa mkono wa kushoto, na mipira ambayo zamani ingepita ikawa inadakwa. Tangu 2023 ni lazima walinzi wawili wawe kila upande, na wote wanne waanze wakiwa ndani ya mpaka wa uwanja wa ndani. Lengo lilikuwa kurudisha mipira inayopita. Wastani wa upigaji wa ligi, yaani sehemu ya majaribio ya wapigaji yanayowafikisha besi kwa pigo lao, ulikuwa 0.243 mwaka 2022, wa chini kuliko misimu yote tangu 1968. Mwaka 2023 ukapanda hadi 0.248. Anayeishia hapo atashinda mdahalo kwa dakika mbili, mpaka mpinzani wake atakaposoma mstari unaofuata: mwaka 2024 wastani ulirudi 0.243. Mtetezi makini hatauficha mstari huo. Atautaja mwenyewe, kisha aeleze kwamba wastani huo unasukumwa pia na kasi ya warushaji, ambayo walinzi hawahusiki nayo, na kwamba swali sahihi ni kiasi gani wastani ungeshuka bila sheria hiyo.

Hata kisa maarufu kuliko vyote katika historia ya mchezo huu kina utata wa namna hiyo. Mwaka 1968 warushaji walitawala kupita kiasi: Bob Gibson wa St. Louis alibebeshwa wastani wa pointi 1.12 tu kwa kila awamu tisa, na Carl Yastrzemski akawa mpigaji bora wa American League kwa wastani wa 0.301. Mwaka uliofuata kilima cha mrushaji kilishushwa kutoka sentimita 38 hadi 25, na pointi za kila timu kwa mechi zikapanda kutoka 3.42 hadi 4.07. Kisa hiki husimuliwa kana kwamba kilima peke yake kilimaliza tatizo, ilhali mwaka huohuo eneo la straiki lilipunguzwa na timu nne mpya ziliingia ligini, zikija na warushaji ambao mwaka uliotangulia hawakuwa wa ligi hiyo.

Afya, mila, na nani aliyeamua

Hoja ya afya ya mkono wa mrushaji iguswe kwa uangalifu. Mnamo Aprili 2024 chama cha wachezaji kililalamika hadharani kwamba sekunde zilipunguzwa licha ya wachezaji kupinga na licha ya wasiwasi kuhusu majeraha. Ligi ilikataa hoja hiyo, na ripoti yake ya Desemba mwaka huo ikaelekeza kidole kwenye kurusha kwa kasi na kwa nguvu zote kila mara. Mjadili asiseme "saa inavunja mikono" kama jambo lililothibitishwa. Anaweza kusema, na ana haki ya kusema, kwamba anayepunguza muda wa mapumziko wa mfanyakazi ndiye anayepaswa kuonyesha kwamba hakuna madhara.

Hoja ya mila nayo isidharauliwe. Ni kweli sheria zimebadilika siku zote: umbali wa kurushia ulisogezwa hadi mita 18.44 mwaka 1893, kuupaka mpira mate kulipigwa marufuku mwaka 1920, na mpigaji maalumu aliingia American League mwaka 1973. Orodha hiyo inathibitisha tu kwamba mabadiliko yanawezekana. Haithibitishi kwamba badiliko hili ni jema. Mpingaji anayejua kazi yake atasema kwamba kutokuwa na saa ndiko kulikoutofautisha mchezo huu na mingine, na mtetezi analazimika kumjibu kwa hilo hasa. Katika marufuku ya mate pia mna funzo lisilotajwa mara nyingi: warushaji 17 waliokuwa wakiishi kwa mtindo huo waliruhusiwa kuendelea nao, na wa mwisho wao, Burleigh Grimes, alirusha hadi 1934. Yeyote anayetafuta njia ya kati kati ya kukubali na kukataa sheria anaweza kuanzia hapo.

Kuna pia swali la utaratibu. Tangu makubaliano ya kazi ya 2022, mabadiliko hupitia kamati ya watu 11: sita wa upande wa klabu, wanne wachezaji, na mwamuzi mmoja. Wachezaji walipiga kura ya kuikataa saa na wakashindwa. Mtu anaweza kuiona sheria kuwa nzuri na bado akaiona njia iliyotumika kuipitisha kuwa mbaya, na mwenyekiti wa mdahalo asiruhusu mambo hayo mawili kuchanganywa.

Siku ya mdahalo

Wasikilizaji wengi wa hapa kwetu wanajua kandanda kuliko besiboli, kwa hiyo mfano mmoja wa kandanda unasaidia. Ulio karibu kabisa ni sheria iliyoanza kutumika mwaka 2025, inayowapa wapinzani kona iwapo kipa atashika mpira zaidi ya sekunde nane. Shabiki wa Simba au wa Yanga ataielewa saa ya mrushaji mara moja kupitia hiyo. Msirefushe zaidi ya hapo, kwani ukumbi utahamia kwenye makipa na hautarudi.

Kila msemaji apewe dakika tano na mtunza muda asimwonee mtu haya, awe mwanafunzi au kocha mwenye mvi. Kabla ya kumpinga mwenzake, msemaji airudie kwanza hoja ya mwenzake kwa namna ambayo mwenyewe atakubali kwamba ndiyo aliyoisema. Sharti hili dogo hupunguza kelele kuliko karipio lolote la mwenyekiti, na ningeliweka hata kwenye kijiwe cha kahawa.

Kwa mazoezi ya kwanza, napendekeza mfumo wa kompyuta wa kuamua boli na straiki. Ligi ya Korea Kusini iliukabidhi uamuzi wote mwaka 2024. Marekani ilipitisha kwa msimu wa 2026 njia nyingine: mwamuzi anaendelea kuamua, na kila timu inapewa rufaa mbili, zinazoombwa papo hapo na mrushaji, mdakaji au mpigaji tu kwa kugusa kofia yake, na timu ikishinda rufaa inabaki nayo. Wapeni upande mmoja autetee mfumo wa Korea na wa pili autetee wa Marekani, kisha wabadilishane zamu. Majaji, mnapotangaza mshindi, itajeni kwa jina hoja iliyowasogeza na ile iliyoachwa bila kujibiwa, ili kila upande uondoke ukijua pa kufanyia kazi.