SOMO: Poka ya meza moja (SNG), jinsi ya kuingia tatu bora bila kujilipua hovyo

Wakuu salama? Hili somo nimeliahidi toka mwezi uliopita, kila nikikaa niandike mara umeme umekatika mara mtoto analia, leo nimepata upenyo acha nilishushe lote.

Ni Texas Hold'em ile ya meza moja. Mnakaa watu tisa, kila mtu anatoa kiingilio sawa, unapewa chipu 1,500 (chipu za kuchezea, sio chipsi mayai), zikikuisha umetoka na hakuna kununua tena, mnachapana mpaka abaki mmoja. Mtandaoni wanaita SNG (sit and go), meza ikijaa tu mchezo unaanza. Sitafundisha ngazi za karata, kama bado hujui kwamba tano za ua moja zinaupiga mfuatano basi kajifunze kwanza afu urudi.

Mfano wangu ni meza ya geto, watu tisa kwa elfu 10, jumla 90,000. Malipo yaliyozoeleka kwa meza ya tisa ni asilimia 50, 30 na 20, yaani wa kwanza 45,000, wa pili 27,000, wa tatu 18,000. Wa nne anapewa pole na soda.

Hatua ya 1: chipu sio hela

Hapa ndo pana somo lenyewe, kwingine nitapita haraka. Mkianza chipu zako 1,500 zina thamani ya elfu 10 kamili. Sasa mkono wa kwanza tu umegongana na mtu, mmeweka zote, umempiga, una 3,000. Wengi wanadhani hapo wameshika elfu 20. Hapana. Kuna hesabu inaitwa ICM, inachukulia kwamba nafasi yako ya kuwa wa kwanza ni sawa na sehemu yako ya chipu zote mezani, afu inarudia hivyo hivyo kwa nafasi ya pili na ya tatu. Ukiipiga, zile 3,000 zako zina thamani ya 18,250. Ile 1,750 iliyopungua imeenda wapi? Wamegawana wale saba waliokuwa wanachezea simu, kila mmoja kaongezeka 250 bila kugusa karata.

Maana yake ukihatarisha elfu 10 ili upate 18,250, inabidi uwe na nafasi ya kushinda karibu asilimia 55, sio 50. Ndo maana kujilipua mapema (kuweka chipu zote) na AK, yaani Esi na Kingi, mtu akiwa na QQ ni hasara, pale una kama asilimia 43 mpaka 46 tu kutegemea kama A na K zako ni za ua moja. Najua AK inavyopendeza machoni, hata mi imeninyoa sana.

Hatua ya 2: mwanzoni bana

Blaindi (madau ya lazima, ndogo na kubwa, ambayo watu wawili wanaweka kabla karata hazijagawiwa) zikiwa 10/20 una blaindi kubwa 75 mkononi, hakuna haraka. Kuiba blaindi hapo (kuongeza dau ili wote watupe) ni kuhatarisha mzigo kwa ajili ya chipu 30, haina maana. Cheza AA, KK, QQ, AK kwa kuongeza dau, pea ndogo ingia kwa bei rahisi tu ukitafuta tatu za aina moja kwenye flopu, zile karata tatu za kwanza zinazofunuliwa mezani (inatokea kama mara moja kwenye nane, ikigoma tupa). Vile vikarata vya K9 na A4 achana navyo, hasa ukiwa umekaa nafasi za mbele ambako watu wengi bado hawajaongea nyuma yako. Waache wenye moto wachapane, mkifika sita au watano we bado una 1,300 au 1,400 na hujachoka.

Waliozoea lasti kadi wanapata shida hapa, kule unatupa karata kila zamu na mkono hauishi raha, huku unaweza kukaa nusu saa unatupa tu na bado unacheza vizuri.

Hatua ya 3: ukishuka chini ya blaindi kubwa 10

Blaindi zinapanda kila baada ya dakika kadhaa, ghafla ni 100/200 na we una 1,600, yaani blaindi nane. Hapa acha kuongeza dau kidogo kidogo. Ukiweka 500 tayari karibu theluthi ya mzigo iko ndani, mtu akikujibu kwa kujilipua unabaki unakuna kichwa. Kwa hiyo ni mawili, unaweka zote au unatupa. Ukiweka zote na wote wakakimbia unaokota 300, hiyo ni karibu asilimia 19 ya fungu lako kwa mkono mmoja bila hata kuona flopu. Ukiwa batani (kiti cha mgawaji) au blaindi ndogo, yaani wamebaki wachache wa kukujibu, unaweza kusukuma (kuweka zote) hata na pea yoyote, Esi yoyote, KQ, KJ, J10. Ukiwa wa kwanza kuongea kwenye meza ya watu sita punguza sana.

Kitu kimoja, usisubiri ushuke mpaka blaindi mbili ndo ujilipue, hapo hakuna anayekuogopa, blaindi kubwa anakufuata na takataka yoyote na yuko sahihi.

Hatua ya 4: mmebaki wanne

Hapa ndo hela inapotengenezwa na kupotea. Mmoja tu atoke, watatu wanalipwa. Chukulia wote mna 3,375, kila mtu ana thamani ya 22,500. Jirani kaweka zote, ukimfuata ukashinda una thamani ya 34,500, ukipoteza una sifuri. Tukiacha blaindi pembeni unahitaji asilimia 65 ya kushinda! Ukiwa wewe ni blaindi kubwa inapungua kidogo kwa sababu kuna chipu zako tayari zimelala pale, lakini kidogo tu. Esi na tano za maua tofauti mbele ya mtu anayesukuma karata yoyote ile ina kama 58. Kwa hiyo unatupa Esi hata kama unajua kabisa jamaa anakuzingua. Inauma ila tupa.

Na wale wawili waliokaa pembeni je? Nyie mkigongana mmoja akatoka, kila mmoja wao anaruka kutoka 22,500 mpaka 27,750. Hawajafanya chochote. Mi mwaka juzi geto moja Sinza nilimfuata mtu na A9 tukiwa wanne, eti nimemsoma, na kweli nilikuwa nimemsoma, alikuwa na K6. Ikaanguka 6 mbili. Waliopeana tano ni wale wawili, sio yule aliyenipiga.

Sasa geuza shilingi. Kama kumfuata mtu ni gharama hivyo, basi uwe wewe unayesukuma. Jirani yako akiwa anaogopa kutoka wa nne, msukumie kila akikaa blaindi na we unaongea mbele yake. Isipokuwa mwenye fungu kubwa kuliko wewe, huyo usimchokoze bila karata, na yule asiyejua hesabu hizi, huyo anafuata na chochote, mngoje kwa pea nzuri.

Hatua ya 5: watatu, kisha wawili

Mkiwa watatu presha imeshuka, cheza kwa nguvu. Mkibaki wawili kila mtu ana 27,000 yake tayari, mnagombea 18,000 iliyobaki, na hapo tu ndo chipu zinakuwa sawa na hela moja kwa moja. Batani ndo anaweka blaindi ndogo, anaongea wa kwanza kabla ya flopu na wa mwisho baada ya flopu. Watu wanakosea hili mpaka ugomvi.

Maswali karibuni.

Mdau wa Mwanza: Mkuu mi nabana kama ulivyosema lakini karata haziji kabisa, blaindi zinanila mpaka naisha, nifanyeje?

Jibu: Hujachelewa kubana, umechelewa kuacha kubana. Ukifika blaindi 10 acha kusubiri karata, tafuta nafasi. Wote wakitupa mpaka kwako ukiwa batani, hiyo ni nafasi hata ukiwa na K8. Angalia na wenzako, kama kuna mtu ana blaindi moja na nusu na zinamfikia mkono ujao, we subiri tu afe.

Mdau: Sisi huku tunacheza mshindi anabeba yote, hiyo hesabu ya 65 bado ipo?

Jibu: Haipo. Mkicheza hivyo chipu mara mbili ni thamani mara mbili, kama ana karata yoyote na we una 55 mfuate. Meza za hivi zina historia. Eric Drache, aliyekuwa anasimamia mashindano ya WSOP (World Series of Poker) pale kasino ya Binion's Horseshoe, Las Vegas, aliona meza ya watu kumi wenye kama dola elfu elfu, akawaambia chezeni, mmoja wenu abebe zote alipie kiingilio cha dola 10,000 cha shindano kuu. Chris Moneymaker naye mwaka 2003 aliingia shindano hilo kwa njia ya mchujo mtandaoni, akawapita watu 838 akabeba dola milioni 2.5. Kwahiyo swali la kwanza kabla hujakaa ni malipo yakoje.

Mdau wa Arusha: Mtandaoni naweza kuishi kwa hii?

Jibu: Angalia makato. Ukiona kiingilio dola 10 + 1, ile moja ni ya mwenye meza, yaani unatakiwa uwazidi wenzako kwa asilimia 10 ndo urudishe hela yako tu. Mi nacheza kama starehe, nina kiasi pembeni kinachotosha viingilio 50, kikiisha napumzika.

Mdau: Kwetu kuna mtu na shemeji yake, wakibaki wanne hawagongani hata siku moja. Ni halali?

Jibu: Inategemea wanachofanya. Mmoja akiwa kaishiwa na kaweka zote, wawili wenye chipu nyingi wakamfuata na kugonga tu bila kuongeza dau mpaka mwisho ili wamtoe, hiyo ni mbinu ya kawaida, kila mtu anaijua na hamna aliyefungua mdomo. Ila wakipanga kwa kuongea, au mmoja anatupa pea ya Kingi kwa kuwa ni shemeji, huo ni wizi. Sisi tuliweka sheria, ndugu wakija wawili wanakaa meza tofauti, na siku tukiwa na meza moja tu mmoja anagawa karata.

Mdau huyo huyo: Nimemwonyesha shemeji jibu lako, kanuna.

Jibu: Mpe kazi ya kugawa karata.