Ukianguka tena katika dhambi ileile, rudi hivi

Dhambi yangu ni ya ulimi. Nimeokoka miaka mingi na nimefundisha wengine Neno, lakini dada mmoja aliponieleza siri yake huku akilia, wiki haikuisha kabla sijaitoa kwa mwingine. Tena niliiita "ombi la maombi". Haikuwa mara ya kwanza.

Kwanza kabisa, usikawie. Mimi nilikaa wiki tatu bila kuomba faraghani. Nilijiambia ngoja nibadilike kidogo, ndipo niende mbele za Mungu. Nilidhani huo ni unyenyekevu, kumbe ni kiburi, maana nilitaka nifike na kitu mkononi. Waefeso 2:8 inasema tumeokolewa kwa neema, nayo ni kipawa cha Mungu. Ukingoja ustahili kwanza, umeshaigeuza zawadi kuwa mshahara. Rudi siku ileile, hata kama kinywa ni kizito.

Ukishapiga magoti, itaje dhambi kwa jina lake. Hapa ndipo tunapojificha wengi. Nilikuwa nasema, "Bwana, nisamehe pale nilipokosea," kisha nainuka na mzigo wangu uleule. Siku niliyosema, "Nimesengenya. Nimetoa siri ya mtu aliyeniamini, kwa sababu nilitaka nionekane najua mambo," nililia kama mtoto. Taja tendo, taja uliyemuumiza, halafu taja ile tamaa iliyokusukuma. Hiyo ya mwisho ndiyo inayouma kuitaja, na ndiyo mzizi. Katika 1 Yohana 1:9, neno la Kigiriki linalotafsiriwa kuungama, homologeo, maana yake ya asili ni kusema neno lilelile, yaani kukubaliana. Unaiita dhambi vile Mungu anavyoiita. Na Mungu hakuiita yangu ombi la maombi.

Ukishaungama, pokea msamaha. Usijichape kwa siku saba za huzuni ili uone kama umetubu vya kutosha. Mwangalie Petro: alimkana Bwana mara tatu usiku uleule alioota moto wa makaa (Yohana 18), na katika sura ya 21 anamkuta Yesu aliyefufuka kando ya moto wa makaa mwingine, samaki wakiwa juu yake. Anaulizwa mara tatu kama anampenda. Hasimangwi hata kidogo. Anapewa kondoo wa kulisha. Kila nikisoma pale huwa nasimama kwanza.

Kisha mwendee uliyemkosea. Zakayo, yule mtoza ushuru wa Luka 19, aliahidi kuwarudishia mara nne aliowadhulumu, lakini angalia mfuatano: Yesu alikuwa ameshasema atashinda nyumbani kwake. Kurudisha hakukuwa bei ya kukubaliwa. (Kama ungamo lako litamuumiza mtu zaidi au kumweka hatarini, zungumza na mchungaji wako kabla ya kwenda.) Mimi nilimkuta dada yule anakunja nguo. Nikamwambia yote bila kutaja "lakini". Hakuinua uso, alikunja shati moja, akalikunjua, akalikunja upya. Kisha akasema, "Nilijua ni wewe. Nilikuwa nasubiri useme mwenyewe."

Usiishie hapo. Tito 2:11-12 inasema neema hiyohiyo iokoayo ndiyo inayotufundisha kukataa ubaya, kwa hiyo ipe nafasi ikufundishe katika mambo madogo. Mtu akinieleza jambo lake, namwombea palepale, naye akisikia, ili nisibaki na kisingizio cha kulipeleka kwa mwingine. Yupo pia mama mmoja wa kanisani aliyekubali kuniuliza kila Jumapili, "Ulimi wako umeshindaje?" Kuna Jumapili jibu langu si zuri, nami namwambia hivyohivyo.

Na yule dada tunasalimiana, tunakaa benchi moja ibadani. Siri nyingine hajanipa, nami sijamwomba.