Petreli wa baharini: tazama chini ya bawa kwanza

Ukivuka mkondo wa Pemba wakati wa kusi, ukaona kindege cheusi chenye weupe kiunoni kikiruka chini kabisa juu ya maji, usikimbilie kukiita petreli wa Wilson. Petreli tumbo-jeusi naye ana kiuno cheupe. Subiri ageuke, umwone chini. Wa Wilson ni mweusi tumboni na chini ya bawa. Tumbo-jeusi ana weupe chini ya bawa na tumboni, na mstari mweusi katikati ya tumbo. Mstari huo huwa mgumu kuonekana, hata hukatika, kwa hiyo mimi naliamini bawa zaidi.

Kisha miguu: ya Wilson ni mirefu, nyayo huchomoza nyuma ya mkia ulionyooka, na ngozi kati ya vidole ni ya njano, ukibahatika kuwa karibu anapokanyagakanyaga maji. Petreli wa Swinhoe ni mweusi mtupu kiunoni, mkia wake una panda.

Wavuvi wakitupa matumbo ya samaki, kaa tayari na darubini. Petreli hunusa chakula kutoka mbali.